Njaa ya wakati wa vijiji: siku niliyokimbia kutoka Igalula kwa sababu ya mbegu nyekundu

Wakuu, marahaba kwa wote mlioniamkia na hata ambao hamjaniamkia. Kwa umri wangu humu ndani wa kuwapa shikamoo ni wachache, na kama mpo jitokezeni niwape haki yenu.

Ninachoandika kilinitokea mimi. Sikuhadithiwa na sikukisoma mahali. Majina nimebadilisha kwa sababu watu wana watoto na wajukuu, na kijiji sitakitaja. Mwenye kuamini aamini. Atakayesema ni chai, basi ainywe ingali moto, mimi sina nguvu ya kugombana na watu nisiowaona.

Kilichonisukuma ni hiki. Juzi kuna kijana humu kaweka uzi mrefu wenye michoro kuhusu supply chain, yaani mnyororo wa kufikisha mazao kwa mlaji, na mabadiliko ya tabianchi, mkulima mdogo afanye nini mvua zikigoma. Uzi mzuri, nimeusoma wote na miwani yangu. Lakini nikasema moyoni, huyu mtoto njaa anaijua kwa jina tu.

Mimi nimeiona uso kwa uso. Twende taratibu.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati watu wanahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa huko porini kati ya Igalula na Goweko. Nilikuwa bado binti, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume. Tumwite Maganga. Alikuwa umri ule wa kufukuza kuku na kuuliza maswali yasiyoisha.

Baba yake alikuwa amekwenda Tabora mjini kutafuta kibarua. Nyumbani tukabaki watatu: mimi, Maganga, na mama mkwe wangu. Mama mkwe nilimwita Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu Unyamwezini.

Mayu alikuwa mwembamba na mkali, hana mchezo hata kidogo. Mkamwana ukichelewa kuamka, hakugombezi. Anagongagonga chungu na mwiko mlangoni kwako mpaka unatoka mwenyewe kwa aibu. Nilimwogopa. Lakini kwa mambo ya chakula hakuna aliyemfikia, na hilo nililijua tangu wiki ya kwanza ya ndoa.

Kabla hatujahamia kijijini, kila kaya ilikaa mahali pake. Kwa Mayu kulikuwa na vihenge vya mtama. Kulikuwa na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama mbao. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la muhogo mchungu. Na ukoo ulikuwa na mizinga ya nyuki huko msituni.

Mvua ikigoma, mtama unavumilia. Mtama ukishindwa, muhogo upo ardhini. Muhogo ukiisha, unachukua asali na nta unapeleka Igalula kwa Mhindi mwenye duka, unarudi na nafaka. Njia zilikuwa nyingi, ukifunga moja nyingine iko wazi.

Wazee wa huku hayo mambo waliyarithi. Barabara ya misafara ya zamani ilipita maeneo hayo, wapagazi wakipanda na kushuka kati ya pwani na Ujiji, na bibi zetu ndio waliowauzia chakula. Mayu alikuwa akisema bibi yake alimuusia: uza vyote, lakini kihenge cha mwisho usikiuze hata msafara ukikupa shanga za dunia nzima.

Basi ikaja amri ya kuhama.

Sitaki siasa kwenye uzi huu, tafadhalini sana. Kijiji kilituletea shule, na mwanangu alisoma pale bila ada. Nasema tu kilichotokea kwenye chakula. Tulihama haraka. Nyumba mpya zilipangwa mstari kando ya barabara. Vihenge havibebeki kichwani. Muhogo tuliuacha ardhini, nguruwe pori wakaumaliza. Tukaambiwa tulime mahindi, na mahindi hayana subira na jua.

Mwaka uliofuata mvua ya kwanza ikanyesha, ikatudanganya. Mahindi yakatoka, watu wakaimba. Halafu jua likakaa pale juu likagoma kutoka. Mahindi yakajikunja majani, yakawa meupe, yakafa tunayaangalia.

Kwa Mhindi napo kulikuwa kumefungwa, na mizinga tulikuwa tumeiacha mbali. Ikabaki njia moja. Chakula kinakuja kwa treni mpaka Igalula, kutoka Igalula kinapakiwa kwenye lori, lori linakuja mpaka ghala la kijiji, na ghalani unapimiwa kwa debe. Kijana wa michoro, huo ndio ulikuwa mnyororo wetu. Treni ikichelewa, kijiji kizima kinalala njaa. Lori likiharibika, kijiji kizima kinalala njaa. Hakuna jirani wa kumkimbilia kwa sababu jirani naye anasubiri lori hilohilo.

Na lori likaharibika.

Watu wanadhani njaa ni tumbo kuuma. Linauma mwanzoni, baadaye linanyamaza. Kinachotisha ni watoto kuacha kucheza. Kuku tulikuwa tumeshawala, kwa hiyo Maganga hakuwa na cha kufukuza, lakini hata maswali aliacha. Alikuwa anakaa ameegemea ukuta, ananitazama tu. Nilikuwa naogopa kumtazama na mimi. Tulikula mizizi, tulikula majani ya porini, mengine hata ng'ombe hayataki.

Katikati ya hayo, bwana shamba akaja na mbegu.

Si chakula, wakuu. Mbegu. Ililetwa ili msimu ukianza watu wawe nayo mkononi. Kila kaya ikapewa kifuko. Ukifungua, mahindi mazuri, manene, lakini mekundu kama yamechovywa kwenye rangi ya ukili. Bwana shamba alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya. Alitukusanya akasema: "Ndugu wananchi, hii si ya kula. Hii ina dawa. Ni sumu. Anayekula atakufa."

Watu wakaitikia, wakaondoka na vifuko vyao.

Sasa hapa ndipo penye mambo, naomba mnielewe vizuri. Alituambia ina sumu. Hakutuambia ni sumu ya namna gani, na sisi kwenye chakula tulikuwa tunaijua sumu ya aina moja tu.

Muhogo mchungu unaua. Ukiutafuna mbichi unaweza usilione jua la kesho. Lakini tumeula tangu mababu. Unaumenya, unauloweka mpaka ulainike, unamwaga maji, unauloweka tena, unauanika, unautwanga. Sumu inaondoka na maji. Mtoto wa kike kwetu anajifunza hilo kabla hajajua kusuka mkeka. Kwa hiyo ukimwambia mama wa Kinyamwezi kwamba chakula kina sumu, wewe umemwambia asile. Yeye amesikia kwamba kinahitaji maji na siku kadhaa.

Siku ile ya Igalula ilianza hivi. Mwenyekiti alipata habari kwamba behewa la mahindi litafika stesheni, na kwa kuwa lori ni bovu, wenye nguvu waende wakabebe kwa kichwa. Nikajitokeza. Alfajiri nikajifunga kanga, nikamkuta Mayu uani ameinama juu ya chungu kile kikubwa tulichokuwa tunalowekea muhogo. Kando yake kwenye mkeka ameanika kitu, amekifunika kaniki.

Nikamwambia, "Shikamoo Mayu."

"Marahaba. Unakwenda?"

"Nakwenda. Mayu, tumepata muhogo?"

Hakuinua kichwa. "Wewe nenda, mwanangu. Mtoto niachie mimi. Ukirudi utakuta ugali."

Nikafurahi mno. Nikadhani labda alirudi kule mahame, kwenye nyumba yetu ya zamani, akafukua mizizi iliyosazwa na nguruwe. Alipojifuta mikono nikaona vidole vyake vyekundu, nikadhani ni udongo. Nikaondoka na wenzangu, njia nzima nawaza ugali.

Igalula tulifika watu ni wengi, kila kijiji kimeleta watu wake. Behewa halijafika. Tukakaa kando ya reli. Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja wa kijiji kingine, amejitanda kanga kichwa kizima. Tukasalimiana, nikamuuliza habari za kwao kama ilivyo ada.

Akasema, "Za kwetu si nzuri, mwenzangu. Tumetoka kuzika. Baba na watoto wake."

"Poleni. Ugonjwa gani?"

"Mahindi mekundu. Mama yao aliyaosha. Aliyaosha, dada yangu, mpaka yakawa meupe pee, hata mimi ningekula. Walianza kutetemeka, wakatoa mapovu, wakarukaruka pale chini kama kuku aliyechinjwa."

Naona midomo yake inaendelea kusema lakini simsikii. Mbele ya macho yangu kuna vidole vya Mayu tu.

Nilisimama nikaondoka. Sikumuaga mtu. Wenzangu waliniita wakidhani nimechanganyikiwa kwa njaa, wapo waliopatwa na hali hiyo. Sikugeuka nyuma.

Wakuu, nimepita mengi tangu siku ile. Nimezika mume, nimefanyiwa operesheni mara mbili, nimelala porini na basi bovu na simba wanaunguruma. Woga kama ule sijauona tena. Ilikuwa njia ya nusu siku, tumbo tupu, jua la utosi. Nakimbia, nikichoka natembea, nikitembea namwona Maganga anatetemeka, nakimbia tena. Kila nikikutana na mtu anayetoka upande wa kwetu namtazama usoni kama amebeba habari ya msiba. Mmoja alinisimamisha anisalimie kwa utaratibu, unajua watu wetu na salamu, habari za nyumbani, habari za watoto. Nikampita bila kujibu. Mkamwana wa Kinyamwezi kumpita mtu mzima bila salamu! Angejua.

Nilikuwa naongea peke yangu. Nasema, Mayu usipike. Mayu chelewa. Mayu, kuni zako zisiwake leo.

Nikafika. Jikoni hakuna moshi. Kabla sijaingia uani nikaona kinu kimelala na mchi pembeni, na unga mweupe umebaki kwenye kingo zake. Mweupe safi. Nikaingia uani.

Maganga alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Analia, lakini sauti imeshakauka, anafungua mdomo tu. Nikamrukia. Nikamfungua mdomo, nikamnusa, nikamtazama chini ya kucha. Nikamuuliza, "Umekula? Maganga, umekula ugali?" Akazidi kulia.

Sauti ikatoka ndani. "Hajala."

Mayu alikuwa chini kwenye mkeka. Mikono inamruka yenyewe, meno yanagongana, jasho limemlowesha kama amenyeshewa. Ametapika pale pembeni. Akasema kwa shida, "Nimemnyima. Ameniomba sana, nimemnyima. Chungu kipo juu, usimpe."

Nikainua macho. Chungu cha ugali kilikuwa darini, pale ambapo mtoto hawezi kufika hata akipanda kinu. Ugali umemegwa upande mmoja tu.

Niwaeleze vijana wa mjini. Kwetu unga wa kwanza wa muhogo mchungu hauliwi na watu wote. Mama aliyeuloweka ndiye anayekula kwanza, peke yake. Wengine mnakaa na njaa zenu mnamtazama mpaka jua lihame. Akiwa mzima, ndipo watu wananawa mikono. Mayu alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote na siku zote jua lilihama akiwa mzima. Kwa mbegu ile alifuata utaratibu uleule. Akala. Akakaa. Mjukuu wake analia mbele yake kwa njaa, ugali wa moto upo, na yeye anasema ngoja, ngoja kwanza.

Nilimshika nikitaka kumnywesha maji. Akanishika mkono kwa nguvu za ajabu.

"Niliwafundisha," akasema. "Mama Kulwa. Na wale wa nyumba ya mwisho. Wameloweka. Kawaambie wamwage."

Hapo woga ukanirudia upya. Mtaa mzima ulikuwa unamwamini Mayu kwa kuloweka. Nikamfunga Maganga mgongoni, maana sikuthubutu kumwacha karibu na chungu kile, nikatoka mbio.

Nyumba ya mwisho walinisikia mara moja, mbegu ilikuwa bado kwenye maji. Kwa Mama Kulwa nilikuta maji ya ugali yanachemka na unga upo kwenye ungo. Mapacha wake wamelala kando ya moto kama matambara. Nikamwambia mwaga, Mayu anakufa. Akaukumbatia ungo.

"Dada, wanangu hawajala. Mayu ni mzee, ana degedege la njaa. Mimi nimeosha mara nyingi kuliko yeye."

"Mama Kulwa, nakuapia."

"Usiniapie. Nipe chakula kingine niwape."

Sikuwa nacho. Ndilo jambo linaloniuma hata leo nikiliandika, sikuwa na hata konzi moja ya kumpa badala ya ule unga. Nikamshika kanga nikamvuta, tukavutana uani kama wehu, nikamburuta na ungo wake mpaka mlangoni kwetu. Akamwona Mayu. Kisha akarudi kwake taratibu, akachimba shimo kwa jembe, akaufukia unga ule ndani kabisa, na mbegu iliyobaki akaifunga juu ya paa. Halafu akakaa chini akalia kwa sauti, na mapacha wakaamka wakalia naye.

Wenzangu walirudi kesho yake na mahindi kichwani. Yale ya njano ya msaada, ambayo watu wa mjini waliyabatiza jina la timu ya mpira yenye jezi za njano, wenyewe mnaijua. Mama Kulwa alipika sufuria moja tukala wote uani kwetu. Mayu hakuyaonja. Alikuwa ameshakata kauli asubuhi, na alikuwa ameshafariki kabla wabebaji hawajaonekana barabarani.

Mganga wa zahanati alikuja baadaye, akatueleza kwa upole kwamba dawa ile ikishapakwa inaingia ndani ya punje. Maji yanatoa rangi. Sumu inabaki. Kumbe tulikuwa tunaosha ile alama ya kutuonya.

Sasa funzo, maana najua kuna wanaoruka mpaka chini moja kwa moja.

Kwanza, mbegu iliyopakwa dawa haioshwi. Si kwa maji, si kwa majivu, si kwa chumvi. Usiile, usiwape kuku. Msidhani ni mambo ya kale. Msimu uliopita hapa Ipuli, Tabora mjini ninakokaa sasa, nilimkuta jirani yangu, msomi kabisa, anaosha mbegu iliyobaki eti asiitupe. Nilipiga kelele mpaka watu wakadhani nimevamiwa.

Pili, ukimwambia mtu "usile" wakati ana njaa, mweleze kwa nini, kwa maneno ya jikoni kwake. Na uwe na kitu cha kumpa.

Tatu, kijana wangu wa michoro: usimfundishe mkulima njia moja bora. Mwachie zile zake nyingi mbovumbovu. Mtama kidogo, muhogo kidogo, matobolwa kwenye gunia, mzinga, jirani wa kijiji kingine. Akiba haiozi. Mimi mpaka leo nina matobolwa chini ya kitanda, wajukuu wananicheka, na nitakufa nayo.

Naomba kujua kama kuna mwingine humu wa Uyui, Nzega, Sikonge, hata Dodoma, ambaye kwao ilitokea ya mbegu. Andikeni. Kama mama au bibi yako ndiye aliyeloweka, usione aibu, hakuwa mjinga. Na wataalamu wa kilimo mliomo humu nikosoeni pale nilipokosea, mimi ni mama wa nyumbani tu.

Maganga sasa ana mvi. Mayu hamkumbuki kabisa, si uso wala sauti. Amebaki na kitu kimoja kutoka utoto wake kijijini, na alikuwa mtu mzima mwenye watoto aliponiambia. Alisema, "Mama, kuna bibi mmoja alikuwa anakula ugali peke yake, mimi namlilia, hanipi. Alikuwa nani yule mchoyo?"